Keki ya Mkono Mmoja

Alikuwa fundi viatu, na kwa miaka ishirini na sita watu wa mtaa ule hawakumwita kwa jina lingine ila Fundi. Wengine walifika kibandani mara ya kwanza wakamtafuta mwanamume nyuma yake. Yeye huwaacha watafute mpaka wachoke, kisha huwauliza kiatu kina shida gani.

Kiharusi kilimkuta bafuni, asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemkuta sakafuni. Mguu ulirudi taratibu, maneno yakarudi, ila mkono wa kulia ulikufa. Ulining'inia ubavuni kama mkono wa koti. Basi binti na mumewe, dereva wa lori, wakahamia nyumbani kwake wamtunze, na kweli walimtunza. Walimwogesha, walimkatia nyama vipande vidogo, walimfunga vifungo vya gauni. Siku aliyojaribu kuchemsha maziwa yakaungua mpaka sufuria ikatupwa, binti alimpiga marufuku jikoni. Tangu hapo, kila walipotoka, mkwe alikaza valvu ya mtungi wa gesi kwa nguvu zake zote za udereva.

Fundi hakubisha. Wale waliomfahamu vizuri wangeanza kuogopa hapo hapo.

Alichokuwa akifanya ni mazoezi. Chini ya kitanda chake lilikuwa sanduku la vifaa, na saa za asubuhi, binti akiwa shuleni na mkwe safarini, alilivuta kwa mguu. Alichukua kipande cha ubao, akakitoboa matundu mawili kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akasimamisha msumari katika kila tundu na kuugonga kwa mkono wa kushoto. Wa kwanza ulipinda. Wa pili ulimparuza kidole gumba. Kufikia Ijumaa alikuwa na ubao wenye misumari miwili iliyochomoza upande wa pili, na kitu chochote cha mviringo ukikichomeka pale hakiendi popote.

Jumapili ile familia ilikuwa na kikao. Kaka yake Fundi, karani mstaafu, alikuwa anakuja na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Fundi alikwisha kuisikia ikisomwa kwenye simu ya binti, kupitia ukuta: kibanda kipewe fundi mwingine, na yeye apumzike. Neno hilo la kupumzika lilimkaa kooni siku tatu.

Asubuhi hiyo binti na mumewe wakaenda kituoni kumpokea mjomba.

"Tutakuwa tumerudi baada ya saa mbili, mama," binti alisema. "Chai iko kwenye chupa. Usihangaike na kitu."

"Nihangaike na nini?" Fundi alijibu.

Mlango ulipofungwa alipiga moyo konde akaingia jikoni. Valvu aliifungua kwa koleo la kung'olea misumari. Kiberiti alikibana kwa magoti, akawasha oveni, akakaa kuusikiliza moto mpaka aliporidhika nao.

Keki ya limau alikuwa akiwapikia watoto wake tangu walipokuwa wadogo, na ilikuwa keki ya watu wasio na muda: kikombe kile kile kinapima kila kitu. Kikombe kimoja cha mtindi, kimoja cha sukari, nusu ya mafuta, viwili vya unga, mayai matatu, vijiko viwili vya hamira ya keki. Alitandika kitambaa kibichi chini ya bakuli lisiteleze. Yai la kwanza liliingia na ganda lake, akakaa anawinda vipande kwa ncha ya kijiko huku akilitukana yai. La pili liliingia bila ganda. La tatu alilipasua kwa gumba moja kama aliyezaliwa hivyo, akatamani angekuwepo wa kuona.

Kikwaruzo alikiminya katikati ya magoti, jinsi alivyominya viatu maisha yake yote, akasugua ganda la limau la manjano mpaka harufu yake ikampanda puani na macho yakamlengalenga. Limau lenyewe alilichomeka kwenye misumari. Likatulia. Alilipasua kwa pigo moja la kisu, akakamua kila nusu kwa kiganja, maji yakapita juu ya mchubuko wa gumba na kumuunguza. Hakuuondoa mkono.

Rojo la unga alilimimina kwenye bati la kuokea akalisukuma ovenini; kazi ilikuwa kuitoa keki. Alivuta bati taratibu mpaka likakaa juu ya mlango wa oveni uliofunguliwa, akakunja kipande cha ngozi ya soli, akalishika ukingo, akainuka nalo. Mguu mbovu ulitetemeka. Kutoka oveni hadi mezani ni hatua tatu, na hakuwahi kutembea mwendo mrefu hivyo. Alipolitua bati, keki ilikuwa imebonyea katikati. Aliimwagia maji ya limau yenye sukari ingali moto, akaifunika kwa kitambaa.

Walipofika walisikia harufu wakadhani inatoka kwa jirani. Wakakaa sebuleni. Kaka mtu akavaa miwani, akatandaza karatasi mezani na kuanza kumzungumzia dada yake kama mtu aliyesafiri.

"Atakuwa nyumbani, atatulia. Hana haja ya kuhangaika tena. Atie tu alama ya gumba hapa chini."

"Ngojeni," Fundi alisema.

Alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya keki, akaiweka juu ya karatasi. Kaka yake alichukua kipande, akatafuna.

"Mmenunua wapi hii?"

"Nimeoka."

Binti alikwisha kufika jikoni. Waliusikia mtungi ukiguswa, mlango wa oveni ukifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alikuwa ameshika lile koleo.

"Mama, ungeilipua nyumba."

"Nyumba ni yangu. Na haijalipuka."

"Ungeanguka na bati la moto. Nani angekuokota?"

"Ningeanguka, ningeinuka. Nisingeweza, ningewangoja."

"Wewe hukujiona pale bafuni," binti alisema. "Mimi nilikuona. Kila nikiwa darasani nakuona pale chini."

Hilo Fundi hakuwa amelijua. Alimvuta binti akae karibu naye, upande wa mkono mzima, akamshika goti.

"Najua sasa," alisema. "Ulitishika, mwanangu. Lakini usinizike kwa sababu ya hofu yako. Kibanda sitoi. Leo sitoi, na mwakani msinirudie na karatasi."

"Dada, fikiria," kaka mtu aliingilia, mdomo umejaa. "Hata hii keki yenyewe imebonyea katikati."

"Na wewe umeota kipara katikati, na hatujakugawa kwa mtu."

Mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kuugeuza mcheko kuwa kikohozi. Binti alicheka huku akilia. Kaka mtu hakucheka, lakini alichukua kipande cha pili, na alipoondoka jioni karatasi yake, iliyolowa mafuta na sukari, aliikunja akaitia mfukoni.

Jumatano Fundi alifungua kibanda. Kushona hakuweza, kazi hiyo akampelekea fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Yeye alibandika soli, alipiga rangi, alibadilisha visigino, kiatu kikiwa kimebanwa magotini. Baadhi ya wateja walimkimbia. Mmoja alisimama mlangoni na jozi ya viatu vyeusi, akautazama ule mkono, akasema afadhali amsubiri mtu mwenye mikono miwili.

"Utasubiri sana," Fundi alimwambia bila kuinua kichwa. "Mtu huyo hafanyi kazi hapa. Kaa, au nenda na viatu vyako."

Yule bwana alisimama kidogo, akatazama barabara huku na huku. Kisha akaketi kwenye benchi na kuanza kulegeza kamba za vile viatu vyeusi.