Dawa Isiyofanya Kazi Bila Mafuta

Baba yangu aliamini kwamba dawa isiyo chungu ni peremende. Kwa hiyo nilipokuja kijijini kwetu Nyarero kutoka kwenye kiwanda cha vyakula ninakofanya kazi, na kopo la siagi ya karanga niliyoichanganya mwenyewe, aliilamba, akatikisa kichwa, akasema hii ni ya watoto. Nikamwambia watoto ndio hasa wasioruhusiwa kuigusa, wala mke wa kaka, aliyekuwa mjamzito. Hapo akaanza kuiheshimu.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Daktari wa Tarime mjini alikuta kolesteroli yake imepanda, akampa vidonge na kumkataza nyama za mafuta. Mama alimshika mkono njia nzima kurudi nyumbani. Mimi, kwa ruhusa ya daktari, nikaongeza steroli za mimea. Hizi hufanana na kolesteroli, na tumboni huiwahi viti, hivyo nyingi hukosa pa kukaa ikatoka nje.

Taabu ni kwamba unga wake ni mkaidi. Mara ya kwanza niliutia kwenye uji, ukaelea juu kama chokaa, na baba akaniuliza kama kweli nilimaliza chuo. Hauyeyuki mpaka upate mafuta ya moto, ndiyo maana nikahamia kwenye alizeti na karanga. Nikampa masharti: kijiko kimoja, pamoja na chakula, asiilambe asubuhi tumbo likiwa tupu. Kuzidisha hakuongezi faida, na kunaweza kuupunja mwili vitamini za mboga. Na kwa kuwa nina mdomo, nikaeleza yote, hadi kwamba bila mafuta kidogo haifanyi kazi vizuri. Mjinga mimi.

Baadaye wakwe wa kaka walikuja kututembelea, ng'ombe akachinjwa. Kwetu nundu ni ya mkubwa wa boma, na ile ilikuwa inachuruzika mafuta. Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alikuwa ameshaanza kuila kwa macho. Baba akasimama, kopo mkononi, akawatangazia wageni kwamba binti yake aliyesoma amethibitisha: dawa hii haifanyi kazi bila mafuta. Wazee wakaafiki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajaribu kumkumbusha kwamba nilisema mafuta kidogo. Akanijibu kwamba nundu ni kidogo ukilinganisha na ng'ombe mzima.

Mama hakubishana. Alimwekea mbele bakuli la mgagani uliokaangwa kwa mafuta ya alizeti, akamtoa kopo mkononi, akakoroga humo kijiko kimoja.

"Mafuta ni haya," akasema taratibu. "Mimi sikuolewa ili nibaki na nundu."

Mke kumwambia mumewe hivyo mbele ya wakwe si jambo dogo kwetu, na nilimwogopea mama. Baba akakaa, akamega ugali, akala ule mgagani mpaka ukaisha. Sikuwahi kumpenda kiasi kile.

Nundu ikaenda kwa baba mdogo, ambaye maishani mwake hajapimwa chochote. Akaipokea kwa mikono miwili, akacheka mpaka magego yakaonekana. Baba alimwangalia akitafuna, mafuta yakimteremka kidevuni, na polepole wivu ukamtoka usoni, ikabaki hofu. Akaniinamia.

"Jumatatu," akaninong'oneza, "na huyu mpeleke."