Kila Nikirudi, Alikuwa Hajatwaharika

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Jina langu naliacha kwa sababu ya binti yangu.

Nina miaka arobaini na tano. Maisha yangu yamekuwa safari: Pemba, Mombasa, Ngazija, nikiuza nguo. Nikikaa pahala mwezi, nnapachoka. Lakini popote nilipolala niliiota nyumba yetu ya Fumba na udi wa mke wangu.

Binti yetu alimzaa kwa operesheni. Tokea hapo, kila nikirudi kwa siku zangu nne tano, jawabu lilikuwa moja.

"Bado sijatwaharika, Baba Rukia."

"Tena? Hedhi gani hiyo ya nusu mwezi!"

"Inakwisha, kisha yanakuja matone ya kahawia mpaka siku ya kumi na mbili. Wallahi hata mimi nshachoka. Mswala wangu umekunjwa tu."

Nyuma ya mlango aliweka kalenda, akitia nukta nyekundu kila siku ya matone. Mimi nikacheka! "Umezipanga zikutane na boti yangu?" Nikaichana mbele yake. Nikampa talaka, nikaondoka. Ee Mola wangu!

Baada ya miaka mitatu hamu ikanishinda, nikarudi kumposa upya. Kaka yake alinipokea barazani kwao. Hakunitukana. Bora angenitukana!

"Shemeji, umechelewa. Ameshaolewa."

Kisha akanieleza. Dada yake alianza kalenda mpya, akampelekea daktari. Daktari alizitazama zile nukta, akamuuliza alivyojifungua, akampima kwa altrasaundi. Kovu la operesheni ndani ya kizazi halikuunga vizuri, limebonyea kama kimfuko. Damu ya hedhi ilituama humo, ikavuja kidogo kidogo baadaye. Wakampasua, wakalikata kovu bovu, wakamshona upya.

"Kumbe alikuwa akisema kweli?"

"Kwani lini alikudanganya?"



Rukia akatoka mbio kunilaki. "Baba! Ramadhani hii mama kakosa kufunga siku tano tu!" Alidhani ananipa habari njema. Na ni njema, ila si yangu tena.

Wanaume wenzangu, mke aliyezaa kwa operesheni akikwambia damu haikati, usimtafutie hila. Nenda naye hospitali, na kalenda yake muichukue.

Mimi niliichana. Sasa nimepanga chumba mtaa wa Amani, safari zimenichosha, na hakuna tena anayehesabu siku akiningoja nirudi.