Mimi na Pengo Langu kwenye Michoro ya Salma

Aibu hii ningeimeza, lakini kwa kuwa Chinongwe nzima wanaisimulia wanavyotaka, bora niseme mwenyewe: nimekaa mkekani, kanzu imepigwa pasi, shangazi wa mchumba wangu akabandua karatasi ukutani, akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Mwenye pengo si ndiye huyu? Na huyu anayefukuzwa akiwa na furushi kichwani ndiye mwanetu?"

Wanawake wa jikoni wakatoka wote kuja kukagua pengo langu.

Mkosaji wa kwanza ni mpwa wangu Salma, msomi wa chuo kikuu, aliyekuja kukaa kwangu Nachingwea kufanya utafiti wa zile ndoa za msimu, mwanaume akiuza korosho anaoa, korosho zikiisha anaacha. Badala ya kuandika akawa anachora tu. Nikamuuliza (mimi la nne niliishia mlangoni), "Mama, chuoni siku hizi mnafundishwa katuni?"

Akacheka. "Mjomba, ndivyo mwalimu wetu anavyotaka. Kabla ya kuandika unapanga kazi kwa picha, kila karatasi sura moja: hili tatizo, haya maswali, haya ninayotegemea kuyakuta."

Akalalamika kwamba kuchora uso wa mwanaume kunamshinda. Nikajipeleka mwenyewe, nichore mimi! (Sijawahi kuchorwa, nikakaa kitini kama rais.)

Basi siku ya kwenda Ruangwa, huko Chinongwe, kujitambulisha kwa ndugu wa Bi Somoe, mjane niliyemhangaikia tangu Ramadhani, nikamwambia Salma beba na karatasi zako, wakwe waone ukoo wetu una msomi. Chakula kikachelewa, nikamsukuma, "Waonyeshe, mwanangu." Akazibandika ukutani kwa mpangilio. Mimi nauza korosho. Mimi naoa. Mimi nacheka. Mimi nafukuza mke, na hiyo ndiyo shangazi aliyoibandua.

"Huu ni mpango tu, shangazi, bado sijamuuliza mtu," Salma akajitetea.

"Hujauliza, na mwisho umeshaujua?" Shangazi akamgeukia Somoe. "Mpwa wake wa damu, anayelala kwake, ndiye kamchora hivi. Unataka shahidi gani tena, mama?"

Nikaapa kwamba sijawahi kuacha mke, kwamba marehemu wangu alifia mikononi mwangu, lakini kila nikifungua mdomo pengo linaonekana, wanacheka upya. Somoe hakucheka. Alijifunika khanga akaingia ndani, na simu yangu mpaka leo hapokei. Wali tuliuacha unanukia.

Salma amerudi chuoni, ananiambia majibu yamekuja tofauti, wanaume wengi aliowahoji hawaachi, kwa hiyo ile picha ya mwisho ameitupa. Ameitupa! Na iliyobaki vichwani mwa watu wa Chinongwe ataitupa nani?

Kuchorwa sirudii, hata niombwe kwa machozi. Ila wewe Salma, na wewe mwalimu uliyemfundisha kuchora mwisho kabla ya kuuliza, pandeni gari mje, msimame mbele ya Somoe na shangazi yake, mseme kwa midomo yenu kwamba mimi sijamfukuza mtu. Nawataka wote wawili, na nawataka kabla Somoe hajaposwa na mwingine.