Luhende Alivyomzunguka Mkwewe kwa Dude la Josia

"Mara tatu, Luhende! Umemzunguka mama yangu mzazi mara tatu, kama mwewe anayechagua kifaranga!"

"Mbili na nusu," alisema Luhende. "Ya tatu sikuimaliza."

Mkewe Nyamizi aliutupa mwiko sufuriani, mchicha ukaruka hadi ukutani. Mkononi bado alishika simu aliyopigiwa na Anna, anayekaa kando ya njia ya Mwamapalala. Anna alikuwa amemsimulia yote: vumbi, mngurumo, na mama wa watu ameketi chini katikati ya barabara, kashika kichwa.

"Josia anafika saa sita," Nyamizi akasema. "Akifika, abebe dude lake, na maksai wangu wawili warudi zizini. Nimemaliza."

Luhende alitazama nje, mahali lile dude lilipoegemea ukuta wa jiko, na moyo ukamuuma kama wa bwana harusi aliyeambiwa posa imerudishwa.

Kazi ya Luhende pale Kasoli ni kuchanja na kutibu kuku na ng'ombe. Miaka ishirini amebeba kisanduku cha barafu mgongoni, na miaka tisa ya mwisho alikuwa na kapikipiki kadogo ambako masika yakianza kalikuwa hakatofautiani na jembe. Udongo mweusi wa mbuga ulikameza mpaka kiti. Mwaka juzi kalizama kakalala huko huko, na walipokuja kukavuta asubuhi, kambare alitoka kwenye ekzosi, mzima, akiwa na hasira za mtu aliyeamshwa. Mwenye shaka akamuulize aliyemkaanga.

Ndipo Josia, fundi wa Bariadi mjini, akamwambia: "Nina mashine ya kukutoa kwenye tope. Nipe maksai wawili." Lakini Josia ni mtu wa akili. Aliongeza, "Sifanyi biashara na nusu ya nyumba. Ondoka nayo, iendeshe mpaka kesho saa sita. Shemeji akiikataa, kila mtu anarudi na chake."

Mashine yenyewe ilikuwa pikipiki kubwa ya msafiri mmoja aliyekuwa akizunguka dunia, ikamfia njiani. Tangu hapo imepita mikononi mwa mafundi wanne, na kila mmoja aliikata mahali akaiunga mahali. Tangi ni la kumuogeshea ndama. Shokapu za mbele zimetolewa kwenye pikipiki nyingine kubwa zaidi, ndiyo maana inatembea imeinua pua kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Kiti kimeshonwa na fundi wa makochi, kitambaa cha maua mekundu na nailoni juu yake. Ubavuni masanduku mawili ya bati. Mbele taa sita, ukiziwasha zote majogoo wa kijiji kizima wanawika. Cha kiwandani kilichobaki ni kivuli tu.

Asubuhi ile Luhende aliipanda kwa kukanyaga kinu cha mke wake. Alipoiwasha, kuku waliokuwa wakiatamia walinyanyuka wakasahau mayai ni ya nani. Gia ya kwanza ilikwenda kwa kinyongo, kama fahali anayepelekwa kwenye josho. Gia ya pili, dude likaamka. Barabara ile imejaa makunyanzi, na kapikipiki ka zamani kalikuwa kanamgonganisha meno mpaka anafika kwa watu hana la kusema. Hii iliyameza makunyanzi yote kama ugali na mlenda. Hata barafu kwenye sanduku haikugongana. Alisimama juu ya vikanyagio, upepo ukamjaa shatini, akaona mabati ya Bariadi, na raha ilipozidi akaona mpaka ziwa kule Busega, ingawa ziwa halionekani kutoka pale hata ukipanda twiga.

Kasoro zilikuwepo. Ekzosi ilimuunguza mguu wa kulia. Breki ya nyuma ilikuwa na tabia ya kufikiria kwanza. Na kubwa kuliko zote, miguu ya Luhende haikufika chini. Ili asimame bila kuanguka ilibidi atafute kichuguu cha kukanyagia.

Ndipo akamwona mama mkwe wake, Mboje, anakuja mbele yake na fimbo mkononi.

Kwao mtu hapishani na mama mkwe njiani bega kwa bega. Mwanaume huacha njia, huingia porini, hutazama pembeni mpaka mama apite, na mama naye hugeuza uso. Kwa miguu ni jambo dogo. Kwa baiskeli unashuka. Luhende aliacha njia kwa heshima zote akaingia shambani kwa watu, juu ya miti ya pamba iliyokauka, akavuka matuta, na dude likayapita kama mtu anayejigeuza kitandani. Sasa asimame, mama apite. Asimamie wapi? Shamba zima halina kichuguu! Akaanguke avunje chupa za chanjo? Akakata kona, akajikuta anarudi barabarani, mama bado yupo. Heshima ikamtupa upande wa pili.

Mboje aliposikia mngurumo kushoto, aligeuza uso kulia. Mngurumo ukaja kulia, akageuza kushoto. Shingo ilipoishiwa, akaanza kugeuka mwili mzima. Mzunguko wa pili ulipokwisha, kitenge kilikuwa kimemzonga kama uzi kwenye pia, naye akaketi. Hapo ndipo Luhende alipopata kichuguu. Lakini amwendee mkwewe amshike mkono kumwinua? Haiwezekani. Alimwachia Anna aliyekuja mbio, akarudi nyumbani.

"Ningempita tu barabarani ungesema nimemdharau," alijitetea sasa.

"Ungesimama!"

"Juu ya nini, mke wangu? Unataka nitembee na kichuguu mfukoni?"

Mdomo wa Nyamizi ulicheza pembeni. Aliung'ata haraka. "Usinichekeshe. Maksai wanalima. Hili linalima nini?"

"Masika yakija nitafika kwa watu. Mwaka jana ng'ombe wangapi walikufa nikiwa nimenasa mbugani, chanjo inaoza mgongoni? Uliwahesabu mwenyewe, ukalia."

Nyamizi akakazana kutazama mchicha ukutani. Kisha, kama mtu anayeogopa kubadili nia, alibonyeza namba ya Josia akaweka simu sikioni. "Namwambia aje sasa hivi, kabla hujanishinda kwa maneno."

"Mwadila!" sauti ya kusalimia ilitoka uani.

Mboje alikuwa ameingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Luhende aliruka dirisha la jiko na umri wake ule, akajibanza nyuma ya ukuta. Mama hakugeuka upande ule. Alimkazia macho mbuzi aliyefungwa kwenye mti, akasema naye kwa sauti ya kufika mbali.

"Wewe mbuzi, mwambie mwenye dude, nilikuwa nakuja kumwita tangu asubuhi. Ndama wangu amelala tangu jana, hanyonyi. Kwa miguu hatamkuta hai. Awahi, mimi nitarudi na binti yangu polepole."

Nyuma ya jiko dude likanguruma.

"Haloo?" simu ilisema mkononi mwa Nyamizi. "Shemeji? Niwalete maksai, au—"

Nyamizi akaikata.