Jogoo Aliyemkatiza Chifu

Juzi nilikuwa ofisi ya ardhi hapa Eldoret, na mtandao ulikuwa umelala. Karani, kwa kukosa kazi, akatoa simu na kuanza kutazama vichekesho. Mbele yake walikaa wazee wawili, majirani kutoka Burnt Forest, kila mmoja mwisho wake wa benchi, katikati wakiacha nafasi ya kulaza gunia. Walikuja kwa kesi ya mpaka wa shamba, na tangu asubuhi hawakuwa wamesalimiana.

"Wewe kijana, sisi tunangoja na wewe unacheka?" mmoja akafoka.

"Mzee, mtandao haujarudi. Hebu ona hii basi," karani akasema, akaigeuza simu iwaelekee kupitia kioo cha kaunta.

Wazee wakasogea. Kwenye video, chifu alikuwa akihutubia baraza, na kila alipofungua mdomo, jogoo aliwika. Mwishowe chifu akavua kofia, akamsogezea jogoo maikrofoni. Jogoo akanyamaza kabisa!

Yule mzee mkali alicheka hadi akayumba, akamshika jirani yake bega asianguke.

"Chifu wetu angemfunga huyo jogoo," jirani akasema, akipangusa machozi. Ule mkono hakuuondoa.

"Mtandao umerudi," karani akatangaza. "Wa mpaka, leteni karatasi."

"Ngoja kwanza," wakajibu wote wawili. "Rudisha ya jogoo."

Nimehudhuria mikutano mingi ya amani, yenye hotuba ndefu na chai ya maziwa. Sijawahi kuona mkono ukikaa begani muda wote ule.