Theluji ya Marehemu Fernand

Si kweli kwamba Bi Rolande Thivierge alimfukuza afisa wa afya kwa ufagio. Ufagio alikuwa nao, hilo halikatai. Lakini alikuwa akifagia ukumbi wa parokia kwa heshima ya mgeni, kwa kuwa familia ya Thivierge haijawahi kumpokea mtu penye vumbi.

Vumbi lenyewe lilitoka kwenye pango la Noeli. Kwa miaka thelathini na minne mumewe, Fernand, alibeba kutoka mgodini magunia ya nyuzi za asbesto, nyeupe na laini kama pamba, akamtandazia Mtoto Yesu theluji isiyoyeyuka wala kushika moto. Kibao cha shaba kilisema: “Sadaka ya familia ya Thivierge.” Fernand alifariki kwa kifua akiwa na miaka sitini na mmoja, kama waungwana wengi wa Sainte-Odile, mji wa Kebeki ambako kikohozi kiliitwa salamu ya mgodi.

Afisa, binti aitwaye Maude Lacasse, aliganda mlangoni.

“Mama, weka ufagio chini! Asbesto haifagiliwi kavu. Nyuzi zinaruka, unazivuta, zinakaa mapafuni miaka na miaka.”

“Mwanangu, hakuna aliyekufa kwa sadaka.”

“Mume wako alikufa kwa nini?”

“Kifua.”

Germaine Bolduc, jirani aliyekuja kwenye mkutano huo wa afya kufuata pai ya nyama kuliko mafunzo, akaangua kicheko. “Shoga, kumbe miaka yote hiyo mnatunyunyizia sumu!”

Ikabidi mkutano ufanyike nje, kwenye baridi. Maude akaeleza: nyumba za zamani zina asbesto darini, sakafuni, kwenye mabomba; isitobolewe, isikatwe, waitwe mafundi wenye vibali. Kisha akauliza nani anayo. Watu wakatazama viatu vyao. Nyumba yenye asbesto hainunuliki.

“Kwangu safi,” alisema Germaine. “Jumatatu navunja dari nimtengenezee mjukuu chumba.”

Bi Rolande alijua si safi. Fernand alimwaga magunia yale bure kwenye dari za majirani kumi na mmoja, wapate joto. Akinyamaza, jina la mumewe litasalimika, na mjukuu wa Germaine atalala kwenye vumbi lile.

Akaenda nyumbani, akarudi na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko nadhifu kama wa mwalimu: “Waliofaidika na Ukarimu wa Marehemu Fernand Thivierge.” Wa kwanza, Germaine Bolduc, magunia kumi na manne. Wa kumi na mbili, yeye mwenyewe.

Germaine alisoma, akaiweka pai yake kando.

“Kichwa hiki nitakibadilisha, mama,” alisema Maude kwa upole.

“Ukiona koma imekosewa, rekebisha. Kichwa hakiguswi.”

“Rolande,” Germaine alinong'ona, safari hii bila kicheko, “Fernand alijua?”

“Dari yako usiivunje. Hilo lingine silijibu, leo wala kesho.”