Roshani ya Wanawake katika Nyumba ya Wayahudi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya majengo ya serikali pale Tabora, nilipewa timazi nikaambiwa nipime ukuta. Timazi ni uzi wenye kipande cha risasi mwishoni. Ukiuning'iniza, unakuonyesha kama ukuta umesimama wima. Nilikuwa nimetoka shule ya jioni Mtendeni, nikijiona bingwa wa hesabu kuliko watu wote kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Mnyapara wetu, mzee wa mjini aliyevaa kanzu hata juu ya ngazi, alinitazama nikipigana na upepo, akasema, "Kijana, subiri uzi utulie. Ukuta hauna safari."

Baadaye nilipelekwa njia ya Kipalapala kutengeneza daraja, kisha Choma kujenga josho la ng'ombe, ambako mbu walikuwa wakubwa hata ukimwua mmoja unasikia kishindo. Niliporudi nikafanywa msaidizi wa mnyapara, tukatumwa kwenye Nyumba ya Wayahudi.

Nyumba hiyo ilikuwa kijijini, magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Familia chache za wanunuzi wa nta na ngozi ndizo zilizoijenga iwe sinagogi, nyumba yao ya sala. Mafundi walikuwa Waislamu wa Tabora, ndiyo maana mlango ulichongwa maua kama milango ya mjini. Jengo lilikaa upogo na barabara, kwa sababu ukuta wa kaskazini, wenye kabati la magombo ya Torati, ulielekea Yerusalemu. Hakuna fundi aliyeshangaa. Nyumba ya sala ina upande wake. Katikati palikuwa na jukwaa la msomaji, na nyuma, juu, roshani ya wanawake, yenye ngazi ya nje. Biashara ilipodorora, wenyewe walihama na magombo yao, wakamwachia jengo mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji.

Sasa serikali ilitaka kuligeuza zahanati. Wanakijiji walifurahi, maana waliwabeba wagonjwa kwa machela mpaka Tabora. Lakini bosi wetu, Bwana Inspekta wa majengo, hakuipenda roshani.

"Boriti zake ndizo zinazoshika kuta," alisema. "Zikiwa zimechoka, nabomoa nyumba yote. Na zahanati itakwenda kijiji kingine."

Kwa hiyo tukaipima. Tuliondoa mirunda, nguzo za muda ambazo wenyeji walikuwa wamezisimika chini ya roshani. Chini kidogo ya boriti kuu tukavuta uzi uliopakwa masizi. Boriti ikilegea, itaugusa uzi na kubaki na alama nyeusi. Kilichobaki ni kupandisha magunia ya mchanga yawe uzito wa kuijaribu, tukaenda mtoni kuyajaza.

Mvua ikatukuta huko. Mvua ya Unyamwezi haianzi kwa matone, inaanza kwa mapipa. Tulirudi mbio, nikaingia ndani, nikatazama juu.

Roshani ilijaa wanawake. Walikuwa wamekuja kusikia hukumu ya jengo lao, mvua ikawapandisha. Walibanana na watoto mgongoni, wengine wanamenya karanga. Nadhani Unyamwezi nzima ilikuwa pale, na jamaa zao wa Usukuma.

"Usipige kelele," mnyapara alininong'oneza. "Wakikimbilia ngazi kwa pamoja, uzito wote utakwenda upande mmoja."

Nikainua uso. "Mama zangu, shikamooni."

"Marahaba, fundi."

"Naomba mshuke. Mmoja mmoja, taratibu."

"Kwenye mvua?" aliuliza mke wa mwanangwa, aliyekaa mbele kabisa. "Nimewapikia wenye nyumba hii miaka yote, nawaona wake zao wanapanda huku. Leo ndiyo nimekaa, unanishusha?"

"Pakoje huko, mama?"

"Pazuri. Ila panavuja, fundi mwenyewe umesimama tu."

Wakacheka. Wanawake wengi wakicheka pamoja, hawatulii mahali pamoja. Vumbi likanidondokea usoni.

Mnyapara alinyoosha mkono kuonyesha mirunda iliyolala sakafuni. Mama yule akaitazama, kicheko kikamwisha. Kisha akageuka na kuanza kuwatoa wenzake kwa sauti ileile ya kugawa ugali: "Wewe mwenye mtoto, tangulia. Sasa wewe. Wewe kaa, hujaitwa."

Bwana Inspekta alifika akasimama mlangoni, amelowa, kofia mkononi. Alingoja hapo mpaka mama yule alipoingia wa mwisho, akikamua kanga yake.

"Nimetosha kuwa mchanga," aliuliza, "au nirudi?"

Bwana Inspekta alipanda kwenye benchi, akapapasa boriti kutoka ukuta hadi ukuta. Akatuonyesha kiganja. Kilikuwa safi.

"Mchanga hauhitajiki," alisema. "Rudisheni mirunda mpaka kazi iishe. Zahanati itakaa hapa."

Ikakaa. Dawa zilipangwa kwenye kabati la ukuta wa kaskazini, na mganga akaweka meza yake juu ya jukwaa.

Nimestaafu nikiwa mnyapara, na vijana huniuliza siri ya ufundi. Ukiondoa mirunda, weka mtu mlangoni, tena awe mkaidi. Mimi hadi leo nikiingia nyumba ya ghorofa natazama juu kwanza. Mke wangu anasema namwaibisha kwenye harusi za watu. Siku ile tulirudi Tabora nyuma ya lori, nguo zimelowa chapachapa. Mnyapara aliniegemea begani akakoroma njia nzima, na lori liliruka kila shimo lililochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Sikumwamsha.